Waulize na Wasiougua

Bwana Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu la shule, niseme neno juu ya kufikiri. Najua wako watakaocheka, maana kila mtu hudhani ya kuwa kufikiri ni kama kupumua, jambo lisilohitaji mwalimu. Nami nalidhani hivyo hivyo mpaka nilipokuwa kidato cha tatu, katika shule niliyosoma kabla ya kuja hapa, nilipomfukuzisha kazi mtu mzima mwenye watoto kwa kosa ambalo hakulifanya. Shule ile siitaji, wala mtu yule simtaji kwa jina. Nitamwita Mzee Mpishi, maana ndivyo tulivyomwita sisi.

Habari yenyewe ni hii. Mzee Mpishi alikuja mwanzo wa muhula wa pili, akitoka mbali, kwao si huku kwetu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wiki ya tatu ya muhula wavulana wakaanza kuumwa tumbo na kuharisha. Siku ya kwanza wawili, siku ya pili sita, na Jumamosi chumba cha mwuguzi kilijaa hata wengine wakalazwa kwenye mikeka nje ya mlango. Hapakuwa na haja ya mkutano mrefu. Mpishi mgeni, ugonjwa mgeni: nani asiyeweza kujumlisha moja na moja?

Mimi nalikuwa na mwandiko mzuri, basi wenzangu wakanichagua niandike barua kwa Mwalimu Mkuu. Barua ile niliipenda mno, nikaisoma mara tatu kabla ya kuipeleka. Nilitoa sababu tatu. Ya kwanza, kabla ya mtu huyu kufika, ugonjwa haukuwapo. Ya pili, wote walioumwa, bila kumtoa hata mmoja, wamekula chakula alichokipika yeye. Ya tatu, mtu huyu ana mambo ya siri: kila alfajiri hupita na madumu yake karibu na tangi la maji ya mvua lililo hatua chache tu kutoka jikoni, asichote, akaenda peke yake mpaka kwenye bomba la kisima kule bondeni, ya nini safari hiyo, kama hana lake jambo? Wavulana 61 wakatia sahihi. Siku ya pili yake Mzee Mpishi akafunga mzigo wake. Tulimwona akipita langoni na sanduku la bati kichwani, na wengine wetu wakapiga miluzi.

Sasa ndugu zangu, itazameni ile sababu ya pili, ambayo mimi naliiona kuwa ndiyo nguzo ya barua. Wote walioumwa walikula chakula cha Mzee Mpishi. Ni kweli kabisa. Lakini wote ambao hawakuumwa nao walikula chakula hicho hicho, posho ile ile na maharagwe yale yale, kutoka sufuria zile zile. Ningaliweza kuandika kwamba wote walioumwa wamevaa kaptula za shule, na hilo nalo lingalikuwa kweli vile vile. Katika wavulana 61 waliotia sahihi, hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za wale wazima. Na wengi wa waliotia sahihi walikuwa wazima wenyewe!

Akaja mpishi mwingine, mama mmoja wa hapo sokoni, na ugonjwa ukaendelea. Je, tulistuka? Hata kidogo. Tulisema sufuria zimebaki na uchafu wa yule mzee. Sufuria zikasuguliwa kwa mchanga, ugonjwa ukaendelea. Tukasema labda aliacha kitu. Mtu mmoja akataja uchawi, na hakuna aliyemcheka. Tulikuwa na jibu kwa kila jambo, na kama tungalikuwa na akili, hilo lenyewe lingalitutia shaka, kwa kuwa dhana isiyoweza kushindwa na neno lolote haitufundishi neno lolote.

Ndipo mwalimu wetu wa bayolojia, siku tuliyokuwa tukisoma juu ya saratani, akaacha kitabu akatusimulia habari ya Daktari Denis Burkitt. Nadhani wengi wenu mmelisikia jina hilo, maana kazi yake ilifanyika hapa hapa Uganda, lakini jinsi alivyoifanya haisimuliwi sana, nami naona hapo ndipo penye faida.

Burkitt alikuwa daktari mpasuaji, mtu wa Ireland, aliyezaliwa mwaka 1911. Jicho lake moja lilikuwa la kioo, kwa sababu alilipoteza lake utotoni. Alikuja Uganda baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akafanya kazi Lira kwanza, kisha Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake, Daktari Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka kama mitano, ambaye taya zake zilikuwa zimevimba kila upande, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakupata kuona jambo kama lile. Haikupita muda mrefu, akawa yuko hospitali ya Jinja kwa kazi nyingine, akachungulia dirishani, akamwona mtoto wa kike ameketi nje na mama yake, uso wake umevimba vile vile. Akatoka mbio akaenda kumtazama. Mtoto huyu alikuwa na uvimbe tumboni pia.

Watu wengi wangalisema, masikini, watoto wawili wenye bahati mbaya. Burkitt aliona kwamba ajabu ikitokea mara moja yaweza kuwa ajabu, lakini ikitokea mara mbili inataka kuulizwa. Akarudi Mulago akafungua madaftari ya wagonjwa. Akakuta kwamba watoto wa namna ile walikuwapo siku zote, ila kila daktari alimwona mtoto kwa upande wake. Wa macho aliona uvimbe wa jicho, wa meno aliona taya, mwingine aliona tumbo, na kila mmoja aliupa ugonjwa jina lake. Hakuna aliyewaweka watoto hao wote mbele ya macho yake kwa mara moja. Burkitt alipowaweka pamoja, aliona kuwa ni ugonjwa mmoja, akauandika mwaka 1958. Wenzake wa maabara waliopima nyama zake wakatambua kuwa ni saratani ya namna ya limfoma, na leo ulimwengu mzima huiita kwa jina lake.

Kufika hapo pekee kungalimtosha mtu. Lakini yeye aliuliza swali jingine, nalo ndilo lililonifanya niandike barua hii kwako, Bwana Mhariri. Hakuuliza tu ugonjwa huu uko wapi. Aliuliza pia hauko wapi. Alichapisha karatasi zenye picha za watoto wale akazipeleka katika hospitali nyingi za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza: je, mmepata kuona mtoto wa namna hii? Majibu yaliporudi akayatia katika ramani. Kisha, mwezi wa Oktoba 1961, yeye na madaktari wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva huko West Nile na Cliff Nelson, wakapanda motokaa moja kuukuu ya Ford wakashika njia ya kusini. Walipita Kenya, Tanganyika, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, Rhodesia, Msumbiji, hata Afrika ya Kusini. Walikwenda kiasi cha maili 10,000, yaani kilomita 16,000, kwa muda wa wiki kumi, wakiingia hospitali hata hospitali na picha zao mkononi.

Fikirini safari ile. Penye hospitali nyingine waliambiwa, ndiyo, tunawaona watoto hao kila mwezi. Penye nyingine waliambiwa, la, hatujaona hata mmoja. Mtu wa haraka angaliona ya kuwa safari ya hospitali isiyo na mgonjwa ni petroli iliyopotea bure. Kwao ilikuwa mali. Kila «la» ilikuwa nukta katika ramani kama kila «ndiyo», na zile «la» ndizo zilizochora mpaka. Hapa kwetu watoto wagonjwa walikuwa wengi Lango, Acholi na West Nile, lakini katika milima ya Kigezi hawakuonekana. Katika Afrika ya Mashariki ugonjwa haukuonekana mahali palipopita futi kama 5,000 juu ya usawa wa bahari. Nao walipozidi kwenda kusini, mstari ule wa urefu ukawa unashuka. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya uchunguzi wa virusi ya Entebbe, akaona kwamba basi si urefu wa mlima hasa, ila ni joto: ugonjwa hautokei penye baridi, wala penye ukame. Joto na mvua pamoja. Na hapo ni nani asiyefikiri mbu?

Wao nao walifikiri mbu. Walidhani kuna kirusi kinachochukuliwa na mbu kama vijidudu vya malaria. Na hapa pana jambo ambalo mwalimu wetu alilisisitiza hata akapiga meza. Mwaka 1964 huko London, Anthony Epstein, ambaye alikuwa amemsikia Burkitt akihutubu, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe ule. Lakini kirusi hicho hakichukuliwi na mbu. Huenea kwa mate, na karibu watu wote duniani wanacho, Ulaya kama Afrika, bila kuwadhuru wengi. Mbu ana sehemu yake kwa njia nyingine: malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huudhoofisha mwili wake usiweze kukizuia kile kirusi. Kwa hiyo dhana ya Burkitt ilikuwa nusu kweli na nusu kosa, ila ramani yake haikuwa na kosa, na kwa sababu ramani ilikuwa safi, waliomfuata waliweza kuisahihisha dhana bila kuanza upya. Mimi naona ni heshima kubwa kwa mtu kuacha kazi ambayo wengine waweza kumsahihisha kwayo.

Usiku ule sikulala vizuri. Nalijiuliza: sisi ramani yetu iko wapi? Asubuhi nikanunua daftari la kurasa 48, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja nikaandika walioumwa, upande wa pili wasioumwa. Ule upande wa pili ulinitia haya. Tulikuwa tumeishi na ugonjwa ule majuma manne, na hakuna aliyeufungua.

Kazi ilichukua siku tatu, saa za mapumziko. Wenzangu walinidhihaki wakaniita Karani. Niliwauliza watu wanalala bweni gani, wanakunywa maji wapi, wanacheza nini, wanakula nini nje ya chakula cha shule. Waliokuwa wameumwa kufika siku ile walikuwa 38. Katika hao, 33 walilala katika mabweni mawili ya juu, karibu na jiko. Mabweni ya chini, yenye watoto wengi zaidi, yalitoa wagonjwa watano tu. Basi sisi tulikuwa tumekula chungu kimoja, tukaugua mabweni mawili! Mabweni ya juu hunywa maji ya lile tangi la mvua. Mabweni ya chini hunywa maji ya kisima.

Nalifurahi, nikataka kukimbia kwa Mwalimu Mkuu. Lakini wale watano wa chini walinisumbua. Kama ni tangi, wao wameugua kwa njia gani? Nikiwaacha, nafanya kosa lile lile la kwanza, kuchukua yanayonipendeza na kuyafunika yasiyonipendeza. Nikarudi kuwauliza. Wanne walikuwa wachezaji wa timu ya mpira, na uwanja wetu uko juu, na baada ya mazoezi kila mtu huinamia bomba la tangi kwa kiu. Wa tano sikupata habari yake, na mpaka leo sijui. Nikaenda pia upande wa pili: mabweni ya juu, nani amelala humo asiugue? Wengi hawakuweza kueleza neno, walikunywa kama wenzao na tumbo halikuwadhuru; miili haifanani. Lakini wawili walikuwa wamerudishwa nyumbani kutafuta ada siku zile, na mmoja, ambaye aliwahi kuugua homa ya matumbo, mama yake alikuwa amemwapiza asinywe maji yasiyochemshwa, basi alikunywa chai tu.

Mwalimu Mkuu alilitazama daftari kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akamwita mtunza stoo wapande ngazi. Mfuniko wa tangi ulikuwa umevunjika upande, na ndani walitoa panya wawili waliooza na kitu kingine ambacho sitakitaja, kwa ajili ya wale wanaosoma gazeti hili wakati wa chakula. Tangi likamwagwa, likasuguliwa, likatiwa dawa. Wiki ya pili chumba cha mwuguzi kilikuwa kitupu.

Wako watakaosema, huyu anataka kila mtu atembee na daftari. Sitaki hivyo. Jambo dogo latosha kuamuliwa kwa mazoea. Mtu akisubiri hesabu kabla ya kuvuka barabara atagongwa na bodaboda. Wengine watanikumbusha kwamba wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nawaheshimu wazee, lakini methali hii naona tunaitumia vibaya. Ya kwamba jambo lasemwa ni sababu ya kwenda kulitazama, si sababu ya kuacha kulitazama. Na penye riziki ya mtu, au jina lake, au afya ya watoto, daftari la kurasa 48 si ghali.

Tena si mambo ya ugonjwa pekee. Mjomba wangu ni mkulima. Mwaka mmoja alinunua mbegu mpya ya mahindi kwa bei karibu mara mbili ya ile aliyoizoea, akavuna vizuri mno, akaanza kuisifu mbegu ile kila penye watu. Nikamwuliza, mjomba, na jirani yako ambaye hakuinunua, yeye alivunaje? Alinitazama kwa hasira kidogo, kisha akacheka. Jirani naye alivuna vizuri mno. Mvua ilikuwa nzuri kwa wote. Msimu uliofuata akagawa shamba lake sehemu mbili, mbegu mpya huku na mbegu ya zamani huku, udongo ule ule na palizi ile ile. Mbegu mpya ilishinda, hilo nakiri, ila si kwa kiasi alichokuwa akikitangaza. Sasa hukaa na kalamu kutazama kama magunia yaliyozidi yanalipa ile bei. Huyo ni mtu ambaye hakupata kusoma zaidi ya darasa la tano.

Na katika likizo nawaona vijana wenzangu wamesimama nje ya vibanda vya kubahatisha mipira. Huko kila mtu anamjua fulani aliyeshinda akanunua pikipiki. Jina lake latajwa, na pikipiki yaonekana ikipita. Lakini waliopoteza hawapiti na kitu. Hawana pikipiki ya kuonyesha, wala hawasimulii. Ukitaka kujua habari ya kibanda kile usimtazame mwenye pikipiki; kaa mlangoni kuanzia asubuhi mpaka jioni uwahesabu wanaotoka mikono mitupu.

Hapa yanipasa nitaje pia habari ya mwanafunzi mwenzetu wa zamani wa nchi ya jirani, Erasto Mpemba, maana wako wanaomtumia kinyume changu. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba huko Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia katika jokofu. Nafasi ilikuwa haba, basi akatia ya kwake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa baridi. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni, Daktari Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lake, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alikwenda akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha habari hiyo pamoja, mwanafunzi na mwalimu. Mpaka leo jambo hilo lina jina la Mpemba duniani kote.

Wenzangu husema: unaona, macho ya mtu yashinda vitabu! Ni kweli, lakini habari haikuishia hapo. Wengine wamejaribu tena, na hawakukubaliana. Mwaka 2016 wataalamu wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu wakasema hawakuona maji moto yakipoa haraka kuliko ya baridi, na kwamba kipimajoto kikiwekwa juu kidogo au chini kidogo tu ndani ya chombo chaweza kudanganya. Wengine hawajaridhika, na mashindano yaendelea. Je, hilo lamwondolea Mpemba sifa? Mimi nasema la. Waliomcheka walikuwa na kosa hata kama maji moto hayagandi upesi, kwa sababu walicheka bila kupima. Na aliyekwenda kupima alifanya vyema hata kama kipimo chake kitasahihishwa kesho.

Nirudi kwa Mzee Mpishi, kisha nimalize, maana Mhariri naye ana mkasi.

Mwalimu Mkuu hakunipiga wala hakunifukuza. Aliniambia, wewe uliyeandika ile barua, kaa chini uandike nyingine. Mshahara wa mwezi ule alioukosa yule mzee utakwenda pamoja nayo, lakini maneno lazima yawe yako. Barua ya kwanza niliiandika kwa saa moja. Ya pili ilinichukua siku nne, na haikuwa na sababu tatu. Tukampa mpwa wake, mwendesha bodaboda, aipeleke.

Jibu lilikuja baada ya mwezi, kwa mwandiko wa mtoto wa shule, nadhani ni binti yake. Aliniamkia, akaniita mwanangu, akasema ameupata ule mshahara, tena ameshapata kazi ya kuwapikia watu wanaotengeneza barabara, na hatarudi. Aliwasalimu wavulana wote, hata wale wa miluzi. Kisha chini kabisa, baada ya jina lake, palikuwa na mistari miwili ya nyongeza. Aliuliza kama ule mfuniko wa tangi umekwisha tengenezwa, maana alikuwa amemwambia mtunza stoo mara mbili kwamba umevunjika na maji yananuka, na ndiyo sababu maji ya jikoni alikuwa akiyafuata kule bondeni.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza.